Acha Kioze

Nilipokuwa na miaka tisa, nilimfanya babu ya babu yangu mlingoti wa goli.

Ilikuwa Desemba 2007. Sisi wajukuu wa mjini tulikuwa tumepelekwa kwa hawe, upande wa Kaloleni, kukaa likizo. Nyuma ya boma kulikuwa na mbao mbili zimesimama wima, zimeachana hatua chache, kama zimepimwa. Zilikuwa ndefu kuliko mimi, zimechongwa pembetatu ndogo ndogo kifuani, juu zina kichwa cha duara, na shingoni zimefungwa vitambaa vilivyochakaa. Ukiwa na miaka tisa na mpira wa makaratasi mkononi, unahitaji ishara gani tena? Goli hilo hapo.

Hawe hakuwa mtu wa kupiga watoto. Siku hiyo nilikula kofi moja ambalo bado nalikumbuka. Halafu, badala ya kunigombeza, akaniacha nikilia, akaingia ndani na kurudi na mnazi kwenye kifuu. Akainama mbele ya zile mbao, akamwaga kidogo chini, akaanza kuongea nazo kwa Kigiriama, kwa sauti ya mtu anayemwomba jirani msamaha. Nilichoelewa ni kipande tu: huyu ni mtoto, hajui, tena amelelewa mjini.

Hiyo ya "amelelewa mjini" iliniuma kuliko kofi.

Zile mbao zinaitwa vigango. Kama wewe ni wa Pwani, unavijua au umevisikia. Kama si wa Pwani, huenda umeviona bila kujua, kwenye picha ya jumba fulani la sanaa, vimesimamishwa kwenye sakafu inayong'aa na taa ndogo imevimulika. Nimetumia miaka kadhaa kusoma vilifikaje huko, na kila ninaposoma narudi palepale nyuma ya boma la hawe. Kwa sababu swali langu si nani mwizi pekee. Swali langu ni hili: kukiheshimu kitu ni kukifanyia nini hasa?

Tuanze na kigango chenyewe. Wamijikenda ni jamii tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe na Warabai. Kati yao, Wagiriama hasa walikuwa na chama cha wanaume kinachoitwa Gohu. Huingii Gohu kwa kupenda tu. Ni lazima uwe na mali, uwe na jina, na uwe tayari kuwalisha wenzako karamu ambazo zingefilisi mtu wa kawaida. Mwanachama wa Gohu akifa, anazikwa kama watu wengine. Kigango hakisimamishwi siku hiyo. Kinakuja baadaye, pengine miaka mingi baadaye, pale marehemu anapoanza kumtokea mtu ndotoni, au mambo yanapoharibika nyumbani: mtoto haponi, mifugo inakufa. Familia inakwenda kwa mganga, mganga anawaambia mzee wenu anataka kigango.

Basi unatafutwa mti mgumu usioliwa haraka na mchwa, fundi anachonga, watu wanakusanyika, kigango kinasimamishwa. Kuanzia hapo si mbao tena. Kuna koma, roho ya mzee, na koma anatunzwa: anamwagiwa mnazi, anafungwa vitambaa, anapewa habari za nyumbani. Ndiyo maana hawe aliongea nacho. Alikuwa anampa mzee habari zangu.

Kuna sheria mbili za kigango ambazo ningependa uzishike, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinazunguka hapo. Ya kwanza: hakihamishwi. Familia ikihama, shamba likichoka, watu wakienda kujenga kwingine, kigango kinabaki pale pale. Ya pili: hakirekebishwi. Hakipakwi rangi upya wala dawa ya mchwa. Jua linakipasua, mvua inakilowesha, mchwa wanafanya kazi yao polepole, na siku moja kinaanguka na kuwa udongo. Hilo si ajali wala uzembe. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa weka sheria hizo mbili mbele ya jumba la makumbusho. Kazi ya jumba la makumbusho ni ipi? Kuchukua kitu mahali pake, na kuhakikisha hakiozi.

Kuanzia miaka ya 1970, wafanyabiashara wa sanaa waligundua kwamba kigango kinapendeza machoni pa Wazungu. Kirefu, chembamba, kichwa cha duara, mwili wa pembetatu. Kilifanana na zile kazi za wasanii wa kisasa wa Ulaya ambazo matajiri walikuwa tayari wananunua. Maduka ya vitu vya watalii Pwani yakaanza kuviuza. Vikavuka bahari, vikaingia kwenye nyumba za watu wa Hollywood, na kutoka huko vikapewa makumbusho kama zawadi. Wataalamu wawili wa Kimarekani wa mila na desturi, Monica Udvardy na Linda Giles, walipokaa chini kuhesabu, walikuta vigango 294 kwenye majumba 19 ya makumbusho Marekani. Jumba la Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, peke yake lilikuwa na 99.

Na kila kimoja cha hivyo kilikuwa kimesimama mahali, nyuma ya boma la mtu.

Tunajua hasa habari ya viwili. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, akiwa amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibiwa. Mzee alimwomba Udvardy amsaidie kuvitafuta. Ilikuwa kama kutafuta sindano baharini, mpaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi wa Afrika huko Marekani, ambapo Giles alikuwa anaonyesha picha za vigango vilivyokuwa kwenye jumba moja la Illinois. Udvardy akatazama. Kimoja alikifahamu. Alikuwa na picha yake, na ya mzee kando yake.

Cha pili kikapatikana Hampton. Baada ya mazungumzo marefu, kile cha Illinois kilirudishwa 2006, na cha Hampton 2007. Mzee Mwakiru hakuishi kuviona vikirudi.

Rudi juu uangalie tena mwaka wa kofi langu. 2007. Mwaka huo huo ambapo familia moja ya Kilifi ilikuwa inapokea kigango kilichorudi kwa ndege kutoka Marekani, mimi, safari fupi tu kutoka hapo, nilikuwa napiga mpira katikati ya vingine viwili.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusema: Mzungu alikuja, akaiba, akarudisha vichache, mwisho wa stori. Na kwa kweli historia inakupa sababu za kusema hivyo. Kabla hata ya soko la sanaa kulikuwa na baruti. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliwataka Wagiriama watoe kodi na watoe vijana wakafanye kazi kwenye mashamba. Mwanamke mmoja mjane, ambaye si kijana, Mekatilili wa Menza, akasimama kupinga. Alitumia ngoma ya kifudu, ngoma ya msiba, kuwakusanya watu, na akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola, watu wakala kiapo ndani ya kaya. Wote wawili walikamatwa na kupelekwa magharibi mwa Kenya. Wakatoroka, wakarudi Pwani. Agosti 1914 Waingereza wakaenda Kaya Fungo, moyo wenyewe wa Ugiriama, wakailipua kwa baruti.

Hebu fikiria: pahali ambapo huruhusiwi hata kukata kijiti, palilipuliwa kwa baruti. Na afisa aliyekuwa mstari wa mbele kuwatoza Wagiriama kodi, Arthur Champion, ndiye huyo huyo aliyeandika kitabu cha mila zao, kilichotolewa London 1967. Mkono mmoja unabomoa, mwingine unaandika kumbukumbu. Nimekisoma hicho kitabu, na nikiri kuna mambo ya kwetu niliyoyajulia humo kwanza.

Lakini Champion hakujua vigango vya hawe vilikuwa wapi. Wala mwenye duka la sanaa Los Angeles. Mtu wa kung'oa alikuwa wa karibu, siku zote. Alijua mbwa wa boma lile wanaitwa nani.

Tuliporudi kwa hawe Desemba 2011, mbao hazikuwepo. Palikuwa na mashimo mawili, udongo bado mwekundu. Hakuna aliyesema kitu. Chakula cha jioni kililiwa kimya. Januari nikaingia kidato cha kwanza, karo imelipwa yote kwa mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu kabla ya hapo wala baada ya hapo.

Nilikuja kuunganisha hayo mawili nikiwa mkubwa, nimeshaacha chuo, nasoma habari za Mwakiru usiku kwenye simu. Nikampigia baba mdogo. Sikumzungusha, nikamuuliza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika.

"Mwanangu," akasema, "zile mbao mchwa walikuwa washazianza. Miaka mitano mingine ungekuta vumbi. Mimi nikaona, kati ya mchwa na mtoto, nani asaidiwe?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina jibu zuri. Naweza kumwambia kwamba mchwa walikuwa na haki. Naweza kumwambia kwamba yeye alipata pesa ya karo, na mtu wa tatu au wa nne kwenye mnyororo ule ndiye aliyepata faida yenyewe. Lakini mimi ndiye niliyevaa sare.

Na baba mdogo hakuwa peke yake katika kuona mbao pale ambapo hawe aliona mzee. Kanisa lilifika Rabai tangu miaka ya 1840, na Krapf na Rebmann. Vizazi vya Wamijikenda wamefundishwa kanisani kwamba kigango ni sanamu, na sanamu huabudiwi. Wengine wamefundishwa msikitini kwamba kumwomba aliyekufa ni shirki, na hata Waislamu wa Pwani wenyewe wanabishana kuhusu kuzuru makaburi ya masharifu. Baba mdogo ni mzee wa kanisa. Kwake, kung'oa kigango hakukuwa kufuru. Kufuru ilikuwa kukimwagia mnazi. Heshima ya mmoja ni dhambi ya mwingine, na wote wawili wanakula sahani moja Krismasi.

Ndiyo maana nilianza kutafuta watu wengine waliowahi kubanwa hivi.

Nikawapata Wazuni, jamii ya wenyeji wa New Mexico, Marekani. Wao huchonga miungu ya vita, inaitwa Ahayu:da, kwa mbao. Huiweka kwenye madhabahu ya wazi mlimani, na huiacha ioze, kwa sababu katika kuoza ndipo nguvu zake zinarudi kwenye ardhi na kulinda dunia. Makumbusho yakaichukua. Wazuni walipoanza kuidai 1978, hoja moja waliyoipata ilikuwa ile ile ya baba mdogo: mkiirudisha mlimani, itaharibika. Wazuni wakajibu kwamba naam, hiyo ndiyo kazi yake. Jumba la sanaa la Denver likawarudishia zao 1980, na wengine wakafuata, hadi ikarudi zaidi ya mia moja.

Denver. Kumbuka jina hilo. Mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria ya kuwarudishia wenyeji mifupa na vitu vyao vitakatifu. Mwaka huo huo jumba jingine la mji ule ule, Denver Museum of Nature & Science, likapokea zawadi ya vigango 30. Sheria mpya haikuvihusu, kwa sababu ni ya wenyeji wa Marekani tu. Mgiriama hayumo. Kwa hiyo jumba lilipoamua 2014 kuvirudisha Kenya, liliamua kwa dhamiri na si kwa kulazimishwa. Na unadhani vilipanda ndege wiki iliyofuata? Vilifika 2019. Moja ya vikwazo ilikuwa kodi ya forodha. Nchi inayolalamika kwamba wazee wake waliibiwa ilitaka wazee hao walipiwe ushuru wakirudi nyumbani. Ukisoma hapo unacheka kwanza, halafu unanyamaza.

Halafu kuna Wahabeshi. Katika kanisa la Kiothodoksi la Ethiopia, kila kanisa lina tabot, kibao kinachowakilisha mbao za amri kumi za Musa. Bila tabot, jengo ni jengo tu. Tabot haionekani na mtu yeyote ila makasisi. Hata ikitolewa kwa maandamano hufunikwa vitambaa. Mwaka 1868 jeshi la Waingereza liliteka ngome ya Mfalme Tewodros huko Maqdala na kupora mali zake. British Museum wana tabot 11. Na wafanyakazi wake hawaziangalii. Zimefungwa kwenye chumba ambacho ni makasisi wa Kiethiopia peke yao wanaoruhusiwa kuingia.

Soma tena hiyo. Jumba linaheshimu mwiko kiasi cha kufumba macho, lakini kuzirudisha, hapana. Wakati huo huo, kanisa moja la Edinburgh liliikuta tabot kwenye kabati lake, likaipeleka Ethiopia 2002.

Na kwenye stoo za British Museum hiyo hiyo, tangu 1908, umelala ngadji, ngoma kubwa ya Wapokomo wa Mto Tana. Ngoma hii haikuonwa na kila mtu. Sauti yake ndiyo iliyosikika, na ilikuwa sauti ya mamlaka. Huko stoo haionwi na mtu, na haisikiki.

Kwa hiyo nimekusanya namna nne za kuheshimu: kuna kitu unakiheshimu kwa kukiacha kioze, kuna cha kukificha, kuna cha kukipiga kisikike, na kuna, kwa watu wa makumbusho, cha kukitunza na kukionyesha. Namna ya nne si mbaya kwa kila kitu. Ubaya wake ni kwamba ndiyo pekee yenye viza.

Lakini nisimalizie London. Nimalizie Kilifi.

Mwaka 2008 UNESCO waliingiza misitu ya kaya za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ukienda Kaya Kinondo, pale Diani, utafungwa kitambaa cheusi kiunoni na kuambiwa usitoke hata na jani, na kama umekuja na mpenzi wako, hakuna kubusiana humo ndani. Watalii wanatii. Nimeona watu wazima wakivua kofia bila kuulizwa mara mbili. Mekatilili naye ana sanamu Malindi, na jina lake tunalitaja kila Mashujaa Dei.

Na katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, wazee wanauawa. Mzee anaitwa mchawi, mara nyingi ushahidi ni mvi zake, na usiku vijana wanakuja na mapanga. Ukichimba kidogo, chini yake kuna shamba ambalo watoto au wapwa wanataka kuligawa. Huko Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma, ambapo wazee waliotimuliwa na familia zao wamepewa hifadhi. Jina kaya, ambalo zamani lilikuwa la ngome ya kujikinga na adui wa nje, leo linamkinga mzee dhidi ya mwanawe.

Huwa najiuliza: Mekatilili angekuwa hai leo, mjane mwenye mvi, anayesema sana, anayecheza ngoma ya msiba na kuwalisha watu kiapo, angemaliza mwaka? Tumejifunza kuheshimu vitu. Tunajua kuviorodhesha, kuvidai, kuvipigia picha. Kigango, hata hivyo, hakikuwahi kuwa juu ya mbao. Kilikuwa namna ya kusema kwamba mzee haishi kazi, kwamba hata akifa bado anaulizwa habari na kupewa habari. Jamii ambayo inadai kigango kirudi kutoka Denver huku mwenye mvi analala macho wazi, inadai nini hasa?

Sisemi visidaiwe. Vidaiwe vyote, na ushuru wasilipishwe. Vingi havijulikani vilitoka boma gani, na hilo ni jeraha peke yake: mzee amerudi nchini lakini hana nyumba ya kushukia. Ila nikisikia hotuba za urithi siku hizi, namkumbuka baba mdogo, na karo yangu, na nanyamaza kidogo kabla ya kupiga makofi.

Hawe alifariki miaka minne iliyopita. Binamu yangu aliyekuwa anaishi naye ameniambia jambo ambalo sikulijua: baada ya vigango kung'olewa, hawe hakuacha. Aliendelea kwenda nyuma ya boma na kifuu chake, akamwaga mnazi kwenye yale mashimo, akaongea. Alijua ni nani aliyefanya. Chakula cha baba mdogo alikipakua kama kawaida.

Pasaka iliyopita nilikwenda. Mashimo yamezibwa na nyasi, usingejua. Watoto wa binamu zangu walikuwa wanacheza mpira pale pale, wameweka ndala mbili kama magoli. Nikawaambia wasogee upande wa pili. Mmoja akauliza kwa nini.

Nikamwambia kuna watu hapo.

Akaangalia, akaangalia tena, hakuona mtu. Akaniangalia mimi kama ninavyodhani nilimwangalia hawe. Halafu akachukua ndala zake, akahamisha goli.